Nyumba, Hati na Jina la Mwingine: Kununua na Kuuza Majumba katika Mitaa ya Zamani ya Johannesburg

Msomaji wetu aliyelelewa Unguja, au aliyezaliwa Maskati na wazee waliotoka Unguja, akiisoma Sheria Namba 3 ya mwaka 1885 ya Jamhuri ya Transvaal atastuka. Sheria hiyo iliwakataza watu wa asili ya Asia kumiliki ardhi na majumba, na katika kuwataja haikuishia kwa Wahindi. Iliwataja pia Waarabu, Wamalay, na raia Waislamu wa dola ya Kituruki.

Hao "Waarabu" kwa kweli wengi wao walikuwa wafanyabiashara Waislamu kutoka Gujarat, ndugu wa wale waliofungua maduka Unguja, Mombasa na Lourenço Marques. Huko Afrika Kusini waliitwa Waarabu kwa ajili ya dini na mavazi yao, na wengine waliliridhia jina hilo ili wasihesabiwe pamoja na vibarua wa mashamba ya miwa ya Natal. Lakini jina halikuwafaa kitu mbele ya msajili wa hati. Marekebisho yaliyofuata yaliwaruhusu kumiliki katika mitaa maalumu tu ambayo serikali ingewatengea, kwa kisingizio cha afya ya mji.

Johannesburg ilianzishwa mwaka 1886 baada ya kugunduliwa dhahabu, na viwanja vilikuwa vikipanda bei. Mfanyabiashara mwenye fedha taslimu, lakini asiye na ruhusa ya kununua, alifanya nini? Alimwendea Mzungu anayemwamini, mara nyingi wakili wake au mshirika wake wa biashara, na nyumba ikaandikwa kwa jina la huyo. Kisha, kwa hadhari, mnunuzi halisi aliandikisha rehani juu ya nyumba hiyo hiyo kwa faida yake mwenyewe, ili mwenye jina asiweze kuiuza bila yeye kuridhia. Alichukua pia mkataba wa upangaji wa muda mrefu, akawa mpangaji katika nyumba aliyoinunua kwa fedha zake. Mbele ya Mungu ile ilikuwa amana. Mbele ya daftari la serikali ilikuwa mali ya rafiki, na rafiki huyo akifa au akifilisika, mwenye nyumba alibaki kuwategemea warithi na wadai wa mtu mwingine.

Baadaye ilipatikana njia iliyo salama zaidi. Kampuni mbele ya sheria ni mtu asiye na rangi wala dini, hivyo familia ziliunda kampuni ndogo, hisa zikashikwa na baba, wana na ndugu, na kampuni ikanunua jumba. Bunge likaziba mwanya huo kwa sheria ya mwaka 1919, na likakaza zaidi mwaka 1932. Kila mlango ulipofungwa, watu walitafuta dirisha, na ada za mawakili ziliongezeka.

Upande wa magharibi wa mji hadithi ilikuwa tofauti. Herman Tobiansky alikata viwanja katika ardhi yake, akakiita kitongoji hicho Sophiatown kwa jina la mkewe, na baadhi ya barabara akazipa majina ya watoto wake. Wazungu hawakuvutiwa sana na viwanja vilivyokuwa karibu na mahali pa kumwaga maji machafu ya mji, kwa hiyo viliuzwa kwa yeyote mwenye fedha. Sophiatown ikawa miongoni mwa mahali pachache sana ambapo Mwafrika aliweza kushika hati kamili ya ardhi mjini. Dk. A. B. Xuma, aliyekuwa rais wa ANC kuanzia 1940 hadi 1949, alijenga nyumba yake katika barabara ya Toby. Wenye nyumba wengi walinunua kwa mkopo na kujenga vyumba vya uani vya kupangisha, ili kodi ya wapangaji ilipe deni. Umiliki wa mmoja ukawa makazi ya familia nyingi.

Tarehe 9 Februari 1955 polisi wapatao 2,000 waliingia Sophiatown, na malori yakaanza kuwahamishia watu Meadowlands. Wenye hati walipewa bei iliyopangwa na upande mmoja, na huko walikopelekwa hawakuruhusiwa tena kumiliki ardhi. Mtaa ulivunjwa, ukajengwa upya kwa ajili ya Wazungu na kupewa jina Triomf, yaani ushindi. Nyumba ya Dk. Xuma ni miongoni mwa majengo machache yaliyosalimika. Jina la Sophiatown lilirudishwa rasmi mwaka 2006.

Pageview, iliyojulikana zamani kama Malay Location na kwa wenyeji kama Fietas, ilitangazwa mwaka 1956 kuwa eneo la Wazungu kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950. Familia zilisukumwa Lenasia, mbali kusini magharibi mwa mji, na maduka ya Mtaa wa 14 yakafungwa katika miaka ya 1970. Misikiti ilibaki imesimama huku nyumba za waumini wake zikibomolewa. Sheria hiyo hiyo iliwang'oa Wazanzibari wa Durban, wengi wao wenye asili ya Kimakua, walioteremshwa huko kati ya 1873 na 1880 baada ya kukombolewa utumwani. Walihamishwa kutoka King's Rest, katika ardhi waliyowekewa amana na Waislamu wa Msikiti wa Juma, wakapelekwa Chatsworth.

Baada ya ubaguzi kuanguka, Sheria ya Kurejesha Haki za Ardhi ya 1994 iliwapa wadai hadi tarehe 31 Desemba 1998. Iliangalia mambo mawili ambayo watunga sheria wa zamani hawakuyataka. Kwanza, ilihesabu kuwa ni haki si hati iliyosajiliwa peke yake, bali pia maslahi ya aliyewekewa mali kwa jina la mwingine, na makazi ya mpangaji aliyekaa miaka 10 au zaidi kabla ya kuondolewa. Pili, iliiruhusu mahakama kupokea ushahidi wa mdomo ambao mahakama nyingine zingeukataa. Risiti ya kodi, barua ya wakili na kumbukumbu za bibi vikawa na uzito.

Hapa ndipo historia hii inapotugusa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali, na majumba mengi ya Mji Mkongwe yalichukuliwa. Familia zilizotawanyika Maskati, Dubai na London zina masanduku yenye hati za Kiarabu, nyaraka za wakfu na barua za mirathi, na mara nyingi wajukuu hawawezi kuzisoma. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Johannesburg inatuonyesha kwamba hata pale daftari la serikali lilipomkana mwenye mali, daftari la nyumbani liliweza kumsemea miaka 40 baadaye. Karatasi hizo zisomwe, zinakiliwe, na wazee waulizwe nyumba ilikuwa mtaa gani, ilinunuliwa kwa nani, na nani alishuhudia, maadamu wangali hai wa kutujibu.