Mpaka, Mifugo na Maneno: Historia ya Ushirikiano wa Usalama katika Migori na Homa Bay

Ushirikiano wa mataifa katika kupambana na hatari zivukazo mipaka huelezwa kwa kawaida kwa kutaja mikataba na wakuu walioitia saini. Katika makala haya nakusudia kuitazama historia hiyo kutoka chini, yaani kutoka Migori na Homa Bay nchini Kenya, sehemu mbili ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini. Migori inapakana na Mkoa wa Mara wa Tanzania kwa nchi kavu, na sehemu zote mbili zinapakana na Ziwa Victoria, ambalo ni mali ya nchi tatu. Hoja yangu ni kwamba usalama wa huko umetegemea mapatano ya majirani wanaoelewana zaidi kuliko maandishi ya serikali. Na kwa sababu hiyo, suala la usalama ni suala la lugha pia.

Tuanze na mpaka wenyewe. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana eneo hili kwa mstari uliotoka mlango wa mto Umba, pwani, hadi pale latitudo ya digrii moja kusini inapokutana na ufuo wa mashariki wa ziwa. Wakuria na Wajaluo waliokuwa wakiishi hapo hawakuulizwa. Koo za Wakuria kama vile Wairege na Wanyabasi zilijikuta pande mbili za mstari, chini ya watawala wawili waliotumia lugha mbili za kigeni. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka mstari huo wakaingia Kisii, na jamaa wa ukoo mmoja wakawa raia wa dola zinazopigana.

Mpaka haukumaliza wizi wa ng'ombe. Ulimpa mwizi kinga. Aliyeibiwa aliweza kufuata nyayo za mifugo yake, lakini askari aliyefuatana naye alipofika mpakani mamlaka yake yalikoma. Hali hiyo ilizidi kuwa mbaya katika miaka ya 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi Novemba 1983. Katika muda huo neno magendo lilivuma kotekote, kwani kufungwa kwa njia halali hakukufunga njia za panya. Aidha, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki za kivita ziliingia mikononi mwa wezi. Mtafiti Michael Fleisher, aliyewachunguza Wakuria wa Tarime, ameonyesha jinsi wizi uliokuwa sehemu ya uhasama wa koo ulivyogeuka kuwa biashara, ng'ombe wakipelekwa kuuzwa Kenya.

Jawabu la kwanza lenye nguvu halikutoka katika wizara yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wanavijiji walianza kujilinda wenyewe kwa jina la Sungusungu, ambalo kwa asili ni jina la chungu weusi waumao. Desturi hiyo ilienea hadi Tarime, na mwaka 1998 ikavuka mpaka ikaingia kwa Wakuria wa Kenya. Huko iliungana na iritongo, yaani baraza la jadi la jamii, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Suzette Heald. Jambo la kuzingatia ni kwamba kilichovuka mpaka ni neno pamoja na utaratibu wake, bila mkataba wala mkalimani.

Hata hivyo tusiisifu Sungusungu kupita kiasi. Mahali pengi ililaumiwa kwa kuwapiga watuhumiwa na kuwatoza faini nje ya sheria. Ulinzi wa jirani huweza kugeuka kuwa dhuluma ya jirani, na hapo ndipo dola inapohitajika.

Upande wa ziwa tatizo ni lile lile kwa sura nyingine. Wavuvi wa Mfangano, Remba na Ringiti, visiwa vya Homa Bay, huwafuata sangara, au mbuta kama wanavyoitwa na Wajaluo, katika maji yasiyo na alama ya mpaka. Huko hukutana na maharamia wanaopora nyavu na injini za mashua, na pia na askari wa nchi jirani wanaowakamata kwa kuvuka mpaka wasiouona. Kisiwa cha Migingo, kilicho upande wa Migori na ambacho hakifiki hata ekari moja, kiliziingiza Kenya na Uganda katika mzozo mkali mwaka 2009. Rais Museveni alikiri kwamba kisiwa ni cha Kenya, lakini akashikilia kwamba maji ni ya Uganda. Kwa mvuvi, tofauti hiyo haina maana, kwani kisiwani hulala tu. Riziki yake imo majini.

Serikali nazo hazikukaa bure. Mwaka 1998 wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda chombo chao cha ushirikiano mjini Kampala, na tarehe 21 Aprili 2004 ilitiwa saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo. Mkataba wa Jumuiya mpya, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, unazungumzia katika ibara ya 124 doria za pamoja na kupashana habari za wahalifu. Mkataba huo huo, katika ibara ya 137, unasema kwamba Kiswahili kitakuzwa kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya.

Ibara hizi mbili ni nadra kusomwa pamoja, na kwa maoni yangu hilo ni kosa. Doria ya pamoja inahitaji lugha ya pamoja. Polisi wa Sirari na wa Isebania wanacho Kiswahili tayari. Nchini Uganda, ambako kwa miaka mingi Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya askari, katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili. Lakini lugha ambayo mwananchi ameizoea kama lugha ya amri haiwi lugha ya mapatano kwa sheria peke yake.

Hapa ndipo wanalugha wana wajibu. Istilahi za mpaka, kama vile doria, kibali, mtuhumiwa, ushahidi na maji ya nchi, zikieleweka kwa namna moja Muhuru Bay, Shirati na Migingo, mvuvi ataweza kujitetea na askari ataweza kueleza sababu ya kumkamata. Zisipoeleweka, atakayesikika ni mwenye bunduki.