Kumbukumbu ya kutambua watu

Katika sayansi ya ubongo ipo istilahi ambayo tafsiri yake ya haraka ni "kumbukumbu ya kijamii". Tafsiri hiyo inapotosha. Msomaji atadhani ni yale ambayo jamii nzima huyakumbuka, kama Vita vya Majimaji. Kumbe wataalamu wanazungumzia uwezo wa mtu kumjua mwenzake: huyu ni nani, tumewahi kukutana, alinitendea nini. Napendekeza tuseme "kumbukumbu ya kutambua watu".

Uwezo huu una mahali pake ubongoni. Mwaka 2014, Frederick Hitti na Steven Siegelbaum wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walizima sehemu ndogo iitwayo CA2 katika hipokampasi ya panya, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu. Panya hao wakashindwa kumtofautisha mwenzao waliyemzoea na mgeni. Mwaka 2020, Azahara Oliva na wenzake wakaonyesha kwamba panya anapolala, CA2 huamsha upya kumbukumbu ya mwenzake aliyekutana naye. Uamshaji huo ukikatizwa, humsahau.

Kwa binadamu, wanaochunguza usingizi hutazama pia mafungu mafupi ya mawimbi yanayotoka katika thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, mawimbi 11 hadi 16 kwa sekunde, ambayo husaidia kuimarisha tuliyojifunza mchana. Alfred Loomis na wenzake waliyaeleza mwaka 1935. Kwenye karatasi yalikochorwa, kila fungu lilikuwa jembamba ncha zote mbili na nene katikati, mfano wa kijiti cha kusokotea uzi, na jina la Kiingereza, "spindle", likatoka hapo. Kwetu "pia", ile ya kuchezea, haifai kwa kuwa ina ncha moja, na "fundo" la ubongoni lingemtisha mzazi. "Spindeli za usingizi" litafaa, mradi lifafanuliwe.

Watoto wengi wenye usonji hulala kwa shida, na baadhi ya tafiti zimekuta spindeli zao ni chache. Ndiyo maana watafiti wanachunguza kama usingizi huo unagusa namna wanavyowakumbuka watu. Matokeo ya panya hayawezi kubandikwa kwa mtoto, lakini swali ni la msingi.

Mzazi akiambiwa mwanawe ana upungufu wa "kumbukumbu ya kijamii", anaweza kuelewa kwamba mtoto hajali watu. "Kumbukumbu ya kutambua watu" humwonyesha kazi ya ubongo inayopimika, isiyo kipimo cha upendo. Na mtoto anayekesha apelekwe kwa daktari. Kukesha kwake kusiitwe utundu.