Majina Waliyoyaacha Washenzi

Mgiriki wa kale alipomsikia mgeni akizungumza, masikioni mwake ilikuwa bar-bar-bar tu, na kwa mlio huo akapata neno la kumwita kila asiyejua Kigiriki. Warumi walilirithi neno lile, wakawabandika Wagothi, Wavandali, Wafranki na Waangli waliotoka ng'ambo ya mito ya Rhine na Danube. Sisi tuna letu, washenzi, ambalo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara, wa Mlima Kenya wakiwamo. Maneno ya namna hii hukuonyesha msemaji amesimama wapi. Kuhusu anayesemwa hayakwambii mengi.

Panda matatu Nyeri uelekee kaskazini. Utapita Kiganjo, kisha Naro Moru, kisha Nanyuki. Naro Moru ni Kimaasai, mahali pa mawe meusi. Nanyuki nayo inataja wekundu. Laikipia imebeba jina la Wamaasai wa Laikipiak, ambao hawakuvunjwa na Mkikuyu wala Mzungu bali na Wamaasai wenzao, Wapurko wakiwa mbele, katika miaka ya 1870. Waliosalia walitawanyika, wengine wakaomba hifadhi kwa Wameru na Wakikuyu. Ulaya nako, Wafranki waliiachia Ufaransa jina lao, lakini lugha yao ikamezwa na Kilatini cha watu waliotawaliwa nao. Walombardi wamebaki kuwa jina la jimbo moja la Italia.

Wakikuyu wenyewe hawakufika Gaki, kama Nyeri ilivyoitwa zamani, kwa jeshi. Godfrey Muriuki, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu historia yao, anaonyesha vikundi vidogo vidogo vikisogea kwa vizazi kutoka mashariki ya mlima, vikipitia Mbeere na kufika Murang'a, kisha ukingo baada ya ukingo hadi Nyeri. Njiani waliwakuta Waathi, wawindaji, na Wagumba, watu wafupi wanaosimuliwa kwamba waliishi katika mashimo. Kuna ardhi iliyonunuliwa kwa mbuzi, kuna udugu ulioapwa, na bila shaka kuna waliofukuzwa. Wanahistoria wa Ulaya siku hizi wanasema karibu hayohayo kuhusu Wagothi: kabila halikutoka kwao likiwa zima, lilijikusanya safarini.

Na Wamaasai? Hapa simulizi za vita huwa tamu mno, nami sizipokei zote. Ni kweli Wakikuyu waliacha ukanda wa msitu bila kuufyeka uwe ngao yao, na kwamba vijana wa pande zote mbili waliteka ng'ombe na wanawake. Lakini mwanamke aliyetekwa alizaa, na watoto wake wakawa na wajomba upande wa pili. Wanawake wazee walivuka mpaka na mizigo ya vyakula kwenda kubadilishana kwa ngozi na mifugo hata vita vilipokuwa vimewaka. Ugonjwa wa sotoka ulipomaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ndui ikafuata, Wamaasai waliwaweka watoto wao kwa Wakikuyu ili wapate kula. Wengi wa watoto hao hawakurudi. Hata katika tohara kulikuwa na taratibu mbili, ya Kikuyu na ya Ukabi, na Ukabi ndilo jina la Wamaasai. Katika mchanganyiko kama huo mshindi simwoni.

Ushindi wa waziwazi ulikuja mwaka 1902, ukaletwa na uzao wa wale Waangli, yaani Waingereza. Baada ya watu wa Tetu, wakiongozwa na Gakere, kuushambulia msafara wa biashara, Richard Meinertzhagen wa kikosi cha King's African Rifles aliwaadhibu, na mwezi Desemba ngome ikaanza kujengwa karibu na kilima cha Nyeri. Chifu Wangombe wa Ihura alikuwa upande wa wageni, kwa hesabu zake mwenyewe. Mwaka 1904 ikawa zamu ya Iriaini na Mathira: nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa kwa maelfu, watu wakauawa kwa mamia. Embu ilifuata mwaka 1906.

Mengi tunayasoma katika shajara za Meinertzhagen, alizozichapisha mwaka 1957, na lazima zisomwe kwa tahadhari. Mtu huyu alikuja kugunduliwa kwamba aliiba ndege waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, akawapa vibandiko vya uongo na kuwafanya wake. Mwenye kudanganya kuhusu mahali ndege aliponaswa sijui kwa nini aaminiwe neno kwa neno kuhusu waliouawa. Hata hivyo, moshi wa Iriaini haukuwa wa kubuni.

Alaric, mfalme wa Wagothi, aliuteka mji wa Roma mwaka 410 akaondoka baada ya siku tatu. Waingereza walikaa Nyeri miaka sitini na moja. Murang'a waliiita Fort Hall, kwa heshima ya Francis Hall aliyefia huko mwaka 1901, na jina hilo likafutwa baada ya Uhuru. Majina ya Naro Moru na Nanyuki hayakuguswa na mtu. Katikati ya mji wa Nyeri kuna Barabara ya Gakere. Ukipita hapo na mtoto, mweleze Gakere alikuwa nani.