Idjwi, kisiwa kisicho na barabara ya gari: ginsi ya kuvuka na kutembea vijiji vya kando ya ziwa

Mananasi mengi yanayouzwa ku soko ya Kituku, pale Goma, yanatoka Idjwi. Wakaaji wa Masisi na Walikale wanayajua mananasi hayo, wanajua na jina la kisiwa, lakini ni wachache ndio wamekanyaga huko. Ndiyo maana maswali yanarudi kila mara: watu wanaishije bila gari? Mgeni anapandia wapi, anapokelewa na nani? Na tangu vita ilipoanza kukata barabara zetu, swali lingine limeongezeka: je, mtu anaweza kupeleka familia huko na kutulia?

Tuanze na mahali penyewe. Idjwi iko katikati ya ziwa Kivu, upande wa Kongo, lakini si ya Kivu ya Kaskazini. Ni teritware ya Kivu ya Kusini, yenye usheferi mbili: Rubenga kwa kaskazini na Ntambuka kwa kusini. Ofisi ya teritware iko Bugarula. Kisiwa kina urefu wa karibu kilometa 40, na katika visiwa vya maziwa ya Afrika kinahesabiwa cha pili kwa ukubwa nyuma ya Ukerewe, ule wa Tanzania. Watu ni zaidi ya 250,000. Wengi ni Wahavu, na Kihavu ndiyo luga ya nyumbani, ile ile utakayosikia Minova na Kalehe. Kiswahili kinaeleweka bandarini na sokoni. Ukipanda mlimani kwa wazee, tafuta mtu wa kukusaidia.

Wasomaji wetu wa Sake wamezoea mawe meusi ya volkano. Idjwi haiko hivyo. Kisiwa ni mgongo wa mlima wa zamani sana. Volkano za Virunga ziliziba mito iliyokuwa inaelekea kaskazini, maji yakajaa bonde, ziwa likapatikana, na mgongo ule ukabaki juu ya maji. Leo umesimama kama ukuta kati ya maji ya upande wa Kalehe na maji ya upande wa Rwanda. Kukiwa hewa safi, unauona ukiwa juu ya vilima vya Minova.

Gari haziko, basi watu wanatembeaje?

Tuseme kweli: si kwamba gari haijafika hata siku moja. Kuna chache za hospitali, za mashirika na za wakubwa, zilizovushwa kwa boti. Lakini mkaaji wa kawaida anaweza kumaliza wiki bila kusikia mlio wa gari. Njia ni za udongo, nyembamba, zinapanda na kushuka. Mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni, na anayetoka Nyabiondo au Kashebere hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna taksi-moto. Kuna miguu. Na kuna mtumbwi, ambao kwa kweli ndiyo gari ya Idjwi. Mama anayetoka kijiji kimoja cha pwani kwenda soko ya kijiji kingine hapandi mlima na kuushuka. Anangoja mtumbwi, anaweka kikapu chake, anazunguka kwa maji. Ndiyo sababu vijiji vikubwa vimejipanga kando ya ziwa, kila kimoja na mahali pake pa kufikia mitumbwi, na siku ya soko pwani inajaa watu kabla jua halijapanda.

Chukudu, ile tuliyozoea kuona ikishuka Sake na magunia ya viazi, haina kazi kubwa huko. Mizigo ni kwa kichwa, kwa mgongo, au kwa maji.

Kuvuka: hapa ndipo tukae kidogo

Anayetoka Walikale ana safari mbili. Ya kwanza ni kufika ziwani: barabara ya Walikale, Masisi, Sake, siku ambazo inapitika. Zamani wengine walikuwa wanaruka na ndege ndogo kutoka Kilambo mpaka Goma. Wa Masisi wanaokaa Kirotshe, Shasha au Bweremana wako karibu zaidi, maana ziwa liko mbele ya mlango wao.

Safari ya pili ni ya maji, na hiyo ndiyo inayotaka akili. Kutoka Goma kuna boti za mbao zenye mota zinazobeba watu na bidhaa pamoja, na kuna vyombo vikubwa vya Goma–Bukavu. Boti ya mbao inachukua masaa kadhaa, kwa kuwa inasimama hapa na pale. Mara kwa mara usafiri wa ziwa umefungwa kwa amri ya wakubwa, kufuatana na vita. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, mupigie simu mtu aliye bandarini asubuhi ileile. Habari ya jana haisaidii.

Ziwa letu halina mamba wala kiboko, na watu wanalisifu kwa hilo. Lakini linaua. Tarehe 15 Aprili 2019 boti iliyotoka Goma ilizama upande wa Kalehe, na watu wengi sana walipotea. Rais Tshisekedi alifika mwenyewe, akaamuru kila abiria avae jile ya kuokoa na majina yaandikwe kabla ya kuondoka. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na Kituku, watu wakiwa wamesimama ufukoni wanatazama. Wengi waliokuwa ndani walipanda maji kwa sababu moja tu: barabara ya Minova–Sake–Goma ilikuwa imekatwa na mapigano. Hao ni watu wa kwetu. Wengine tulikuwa tunawanunulia maharagwe.

Amri ya jile ipo tangu 2019. Boti inayoifuata, na isiyoifuata, zote utazikuta bandarini. Basi mwenye kuamua ni wewe abiria. Uliza jile kabla hujalipa, si baada. Ivae na uifunge kamba, usiikalie kama kiti. Tumeona wengi wakifanya hivyo. Ona kama jina lako limeandikwa, na kama umebeba mtoto, jina lake pia, kwa sababu mtoto asiyeandikwa, boti ikizama, hakuna anayemtafuta. Tazama ubavu wa boti: kama maji yamebaki mkono mmoja tu kufika kingo, na bado wanapakia magunia, shuka. Utapigiwa kelele, utaambiwa wewe ni mwoga wa milimani. Shuka tu.

Ondokeni asubuhi mapema. Alasiri upepo unaamka, na kwenye maji ya wazi mawimbi yanakuwa makubwa kuliko unavyofikiri ukiwa ufukoni. Usafiri wa usiku ni wa wavuvi, wanaojua kazi yao.

Vijiji vya pwani

Wavuvi hao utawaona jioni. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja na miti mirefu, wavu katikati, taa mbele, na wanaume wanapiga kasia wakiimba ili waende pamoja. Wanatafuta sambaza. Sambaza si samaki wa asili wa Kivu: walitolewa ziwa Tanganyika na kuwekwa hapa karibu na mwaka 1959, maana Kivu lilikuwa maskini wa samaki. Leo vijiji vyote vya pwani vinawategemea. Asubuhi wanamama wanawasubiri kwenye mchanga, wanapima kwa sahani, wanaanika. Mgeni akifika saa hiyo, asisimame katikati na simu yake kupiga picha, aulize kwanza.

Mlimani juu ya vijiji ni kahawa na ndizi. Kahawa ya Idjwi ina historia chungu. Miaka mingi wakulima hawakupata mnunuzi wa bei nzuri upande wetu, basi wanaume walikuwa wanaibeba usiku kwa mitumbwi midogo kuipeleka Rwanda. Wengi walizama, wakaacha wajane na mashamba. Baadaye wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, kama CPNCK, wakaanza kuosha kahawa papo hapo na kuiuza nje kwa njia ya wazi. Katika vyama hivyo wajane ni wengi, na ukifika kwenye kituo cha kuosha wakati wa mavuno ndio utakaowakuta wanachagua punje. Wakati wa ukoloni, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilikuwa mashamba ya familia ya Kibelgiji ya de Ligne, na ugomvi wa ardhi wa leo una mizizi mpaka huko.

Ndizi nyingi zinakuwa kasiksi. Utapewa. Kukataa kabisa kunaumiza mwenyeji; onja kidogo, urudishe kikombe kwa mikono miwili.

Kando ya vijiji kuna kambi za Bambuti. Walikuwa watu wa msitu wa kisiwa mpaka walipofukuzwa humo miaka ya 1980, na sasa wengi wanakaa bila shamba, wanaishi kwa kufinyanga vyungu, kuvua na kufanya vibarua. Wageni wanapelekwa kule kama kwenda kutazama kitu. Sisi hatupendi neno hilo. Kama unaenda, nenda kununua chungu, na bei wanayosema ndiyo bei.

Kufika kwa watu

Hoteli ni chache na ndogo. Watu wengi wanalala kwa ndugu, kwa parokia au kwa mtu waliyejuana sokoni. Mukishuka boti, jambo la kwanza ni kwenda kujionyesha kwa chefu wa kijiji na kadi ya uchaguzi mkononi, na kusema mumetoka wapi, muko kwa nani, siku ngapi. Hii si adabu tu. Idjwi ilibaki miaka mingi karibu nje ya vita vilivyotuchoma tangu miaka ya 1990, na wakaaji wamezoea kuilinda amani hiyo kwa macho. Mgeni kijana asiyejulikana, anayetoka sehemu za mapigano, ataulizwa maswali mengi. Usikasirike. Mwenyeji wako akuongoze, mambo yanalainika.

Kumbukumbu ya wageni waliokuja na nguvu ni ndefu kule. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alikishambulia kisiwa na kukitawala mpaka kifo chake mwaka 1895. Kisha Wajerumani na Wabelgiji walikigombania, na makubaliano ya 1910 yakakiacha upande wa Kongo. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walifika kwa maelfu, na wazee wanakumbuka ginsi miti ilivyokatwa na chakula kilivyopanda bei.

Na kwenda kukaa?

Hapa tuseme bila kuzunguka, maana kuna familia za Masisi zinazopanga hilo. Kwenda kutembea, kwenda kwa ndugu, kwenda kungoja mapigano yapite: wengi wamefanya na wamepokelewa. Lakini usifikiri utapata shamba. Watu ni wengi mno kuliko ardhi, wavulana wa kisiwa wenyewe hawana mahali pa kulima, na wengi wanavuka kuja Goma na Bukavu kutafuta kazi. Aliyezoea malisho mapana ya Masisi au msitu wa Walikale atashangaa kuona familia nzima inalima kipande kisichozidi uwanja wa kanisa. Anayekuambia ana shamba la kuuza kwa bei rahisi, peleka jina lake kwa chefu kabla hujatoa franka hata moja.

Jambo lingine ni ugonjwa. Kwa kusini kuna hospitali kuu ya Monvu, na kuna vituo vya afya vijijini, lakini mgonjwa mzito bado anatakiwa kuvushwa. Mwanamke aliyekaribia kuzaa, mzee wa presha, mtu wa dawa za kila siku: wabebe dawa za kutosha na wafikiri vizuri siku za kwenda. Maji ya ziwa yanapendeza kwa macho, lakini kolera inarudi kila mwaka kwenye pwani hizi zote. Muchemshe maji au mutie dawa, hata kama mwenyeji anakunywa hivyohivyo.

Mazuku, hewa ile ya sumu inayotambaa kwenye mashimo, inaogopwa zaidi huku kwetu, kwenye mawe ya Sake na upande wa Goma. Watoto waliozoeshwa kutocheza mabondeni asubuhi wataona Idjwi kuna uhuru kidogo.

Siku ya kurudi, boti za kwenda soko ya Goma zinajaa kuliko za kuja, kwa sababu ya mananasi, mihogo na mitungi ya kasiksi. Ulizeni siku moja mbele ni boti gani inayobeba watu zaidi kuliko magunia, mujiandikishe jioni, na mubaki na franka za kulala usiku mmoja zaidi kama ya asubuhi imejaa.