Nani Alisukuma Behewa?

Mwaka 1879, kwenye maonesho ya viwanda mjini Berlin, Werner von Siemens aliwabeba watu kwa vibehewa vilivyovutwa na injini ya umeme. Mwaka huohuo Sultani Barghash alitandika reli Unguja, kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani. Mabehewa yake yalivutwa na nyumbu (mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti).

Mwaka 1881 Siemens akafungua tramu ya umeme Lichterfelde, viungani mwa Berlin. Umeme ulipita kwenye reli zenyewe, hivyo farasi waliovuka njia walipigwa shoti. Mwaka huo nyumbu wa Chukwani nao walipumzika: injini ndogo ya mvuke ilikuwa imefika kutoka Uingereza. Kisha Februari 1888 Frank Sprague akawasha tramu za Richmond, Marekani, zilizoonesha kwamba mji mzima, pamoja na vilima vyake, ungeweza kusafiri kwa umeme. Mwezi uliofuata Barghash akafariki, na treni yake haikuishi baada yake.

Ukizipanga tarehe hizo, ile hadithi kwamba huku tulichelewa inayumba. Barghash hakuchelewa. Ila treni ilikuwa yake. Ya Richmond ilikuwa ya mwenye nauli, ingawa mwaka 1904 Wamarekani weusi wa mji huo waliigomea kwa sababu ya ubaguzi wa viti.

Mombasa ndiko kunakoniumiza. Kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilianza mwaka 1890 kutandika reli nyembamba, ya futi mbili, kuelekea bara. Ikaishia maili kama saba. Vyuma hivyo baadaye viling'olewa vikatumika mjini, kati ya mji wa kale na Kilindini. Juu yake palipita matroli: benchi, kipaa cha kivuli, magurudumu manne. Maofisa walikuwa na yao binafsi, kama leo mtu alivyo na gari. Injini? Watu. Walisukuma kwa mikono, wakikimbia nyuma ya bwana aliyekaa. Hayo yaliendelea hadi miaka ya 1920, wakati tramu za umeme zilikuwa jambo la kawaida Ulaya. Sidhani kikwazo kilikuwa ufundi. Jasho la msukumaji lilikuwa rahisi kuliko waya.

Unguja ilikaribia zaidi. Kuanzia 1905 Wamarekani wa Arnold Cheney waliendesha treni kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na raia wa kawaida walipanda, wakaenda viungani na kurudi. Kampuni hiyohiyo ilileta taa za umeme mjini. Lakini treni yake iliendelea kutoa moshi, na katika miaka ya 1920 haikubeba abiria tena.

Huku Mpanda reli ilifika mwaka 1950, kilomita 210 kutoka Kaliua. Ilifuata madini ya risasi. Abiria walikuwa nyongeza. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Tanzania tarehe 14 Juni 2024, Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha ikafika Dodoma. Mtu wa Kawajense akitaka kuipanda, anaanza na treni ya dizeli: Kaliua, Tabora, kisha anashuka Dodoma na mizigo yake kubadilisha.