Upanga wa Uchawi Unauzwa Bei Gani?

Dungeons & Dragons ilipotolewa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, nchini Marekani, dhahabu ndiyo iliyokuwa roho ya mchezo. Wachezaji waliketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, mpiganaji, mchawi au kasisi, naye mwendeshaji akiwasimulia mapango na mazimwi yaliyo mbele yao. Kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa salama pangoni ilimpa mhusika alama moja ya uzoefu. Hakuna aliyeuliza mali ile ni ya nini.

Mwaka 1979, Gary Gygax, mmoja wa waundaji wa mchezo huo, alitoa kitabu cha mwendeshaji chenye jedwali ambalo hadi leo nalihesabu kuwa kazi ya akili kubwa. Karibu kila kifaa cha uchawi kiliwekewa tarakimu mbili. Upanga wa uchawi wa daraja la chini kabisa ulimpa aliyeubakiza alama 400. Akiuuza, alipata dhahabu 2,000, na alama zake zikafuata dhahabu hiyo. Basi uamuzi ukawa mchungu: upande cheo upesi kwa alama, au ubaki na silaha itakayokuokoa kesho?

Toleo la pili, mwaka 1989, lilifuta bei zote za vifaa vya uchawi. Waandishi wake hawakutaka maduka ya uchawi, wakitaka kila hirizi na pete itafutwe kwa jasho.

Mwaka 1997 Wizards of the Coast iliinunua TSR, na toleo la tatu, la mwaka 2000, likafungua soko waziwazi. Alama sasa zilitokana na kushinda maadui na vikwazo, kwa hiyo dhahabu ilihitaji pa kwenda. Bei ilipatikana kwa kuzidisha daraja la upanga kwa lenyewe, kisha kwa 2,000: wa daraja la kwanza dhahabu 2,000, wa tano 50,000, bila kuhesabu gharama ya chuma chenyewe. Ukiuza, ulipata nusu. Hata miji ilipimwa: kijijini hupati kitu cha zaidi ya dhahabu 200, katika jiji kuu kikomo ni 100,000. Katika Forgotten Realms, ulimwengu mmoja wa kubuni wa mchezo huo, Wachawi Wekundu, watawala wa nchi ya Thay, walifungua vituo vya biashara katika miji ya kigeni, wakijipenyeza kwa bidhaa mahali ambapo majeshi yao yalishindwa.

Hesabu ilikuwa safi, lakini ilikula ajabu ya mchezo. Fimbo ndogo ya kuponya majeraha, yenye matumizi 50, iliuzwa dhahabu 750. Wachezaji waliinunua kama mahitaji ya kawaida, na jeraha la vitani likapoteza uzito wake. Upanga uliotwaliwa kutoka kwa joka ulipelekwa dukani jioni ileile.

Toleo la nne, mwaka 2008, lilishusha bei ya kuuzia hadi moja ya tano. La tano, mwaka 2014, likabakiza bei za kukadiria tu kulingana na uadimu wa kifaa, na kwenye meza nyingi dhahabu ikarundikana bila kazi.

Kitabu cha mwendeshaji cha mwaka 2024 kimerudisha tarakimu kamili: dhahabu 100 kwa kifaa cha kawaida, 4,000 kwa kilicho adimu, 200,000 kwa cha hadithi za kale. Vinavyotumika mara moja vikaisha, isipokuwa hati za uchawi, ni nusu ya bei. Kilichopo dukani leo, mwendeshaji ndiye anayeamua.