Mkubwa Jalala: Utamaduni wa Kazi katika Viwanda Vitatu vya Vifaa Tiba

Mfanyakazi mpya wa Medtronic, kampuni ya vifaa tiba, hukabidhiwa medali yenye sura ya mtu anayeinuka kitandani na kurudi katika uzima. Desturi hiyo aliianzisha Earl Bakken, aliyefungua kampuni na shemeji yake, Palmer Hermundslie, mwaka 1949 katika gereji mjini Minneapolis, Marekani. Bakken aliwaasa wafanyakazi waiweke medali mezani pa kazi, ili siku wakikata tamaa wakumbuke kwamba hawakufuata pesa peke yake. Kila mwisho wa mwaka wagonjwa hualikwa kuwasimulia mafundi jinsi walivyopona. Fundi aliyeshinda akiunganisha nyaya humwona kwa macho yake mtu ambaye moyo wake unadunda kwa msaada wa nyaya hizo.

Huu ni utamaduni wa ushuhuda, na una harufu ya kanisa: kuna kupokelewa kundini, kuna alama, kuna walioponywa wanaosimama mbele ya kusanyiko. Unaipa kazi ya kuchosha heshima ambayo mshahara hauwezi kuinunua. Ila anayepanda jukwaani ni yule aliyepona. Mwaka 2007 zilijulikana kasoro za Sprint Fidelis, waya wa Medtronic unaounganisha moyo na kifaa cha kuushtua: ulikuwa ukivunjika. Aliyeandika mapema kuhusu hatari hiyo hakuwa mtu wa kampuni, bali Dkt. Robert Hauser wa Minneapolis Heart Institute, katika mji uleule. Kampuni ilisitisha mauzo Oktoba mwaka huo, nyaya zipatazo 268,000 zikiwa zimeshapandikizwa duniani.

Tokyo kuna mapokeo mengine. Olympus, iliyoanza kwa hadubini mwaka 1919 na kuja kutawala soko la endoskopi, vifaa vya kuchungulia ndani ya mwili, ilijengwa juu ya uaminifu kwa kundi: unaingia kijana, unastaafia humohumo, na kumsema mkubwa ni kuwaaibisha wote. Mwaka 2007 mfanyakazi mmoja alitoa taarifa ya ndani kwamba msimamizi wake alitaka kumnyakua mtumishi wa kampuni waliyofanya nayo biashara. Akahamishiwa kazi nje ya ujuzi wake, akapewa vitabu vya wanaoanza avisome. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Tokyo ikampa haki. Mwaka huohuo, Oktoba, mtendaji mkuu Michael Woodford, Mwingereza aliyekulia kazini ndani ya kundi la Olympus, alifukuzwa baada ya kuhoji malipo yasiyoeleweka. Malipo hayo yalikuwa ya kufunika hasara iliyofichwa kwa miaka, iliyokaribia dola bilioni 1.7. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tusiseme, basi, kwamba Wajapani kwa asili ni watu wa kunyamaza. Katika viwanda vya Toyota, kwa miaka mingi, mfanyakazi wa kawaida alikuwa na kamba aliyoweza kuivuta akiona kasoro, na kazi ikasimama. Kamba hiyo iliwekewa kosa la gari. Kwa kosa la bosi, Olympus haikuwa na kamba.

Madurai, kusini mwa India, hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa na Dkt. G. Venkataswamy mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11, ilizaa kiwanda cha Aurolab mwaka 1992 ili lenzi za kupandikiza jichoni zipatikane kwa bei ya maskini. Wafanyakazi wengi ni wanawake vijana kutoka vijijini. Anayetengeneza lenzi na anayeitumia ni wa nyumba moja, hivyo malalamiko ya daktari hayana safari ndefu. Lakini utumishi nao una mtego wake: kazi ikishaitwa ibada, anayeulizia mshahara huweza kuonekana amepungukiwa na imani.

Mapokeo yote matatu yanajua kumfanya mtu aipende kazi. Panapotofautiana, na panapookoa au kuua mgonjwa, ni katika kupokea habari mbaya. Mkubwa jalala, wasemavyo Waswahili: kila taka sharti imfikie. Anayeitwa kwenye usaili wa kazi katika kampuni kama hizi asiridhike kuuliza kuhusu sherehe na kaulimbiu. Aulize ni nani aliyepeleka habari mbaya juu mara ya mwisho, na leo amepangiwa kazi gani.